Pima Kabla ya Kushusha Gari

Mtu anunuapo gari hutazama kwanza rangi, viti, taa na redio. Akiwa mwangalifu kidogo, husikiliza injini. Ni wachache wainamao kutazama chini, pale penye springi nne zilizojaa tope. Walakini hizo ndizo zibebazo kila kitu: bodi, injini, mizigo, mama na watoto wake. Hapa Kisangani mafundi wengi huziita resori, kwa kufuata Kifaransa. Wenzetu wa Kenya na Tanzania husema springi. Jina lolote litumike, kazi yake ni moja. Leo, wapenzi wasomaji, nataka tuzungumze juu ya chombo hiki, maana vijana wetu wameanza kukigusa wenyewe nyumbani, na anayekigusa hana budi kukijua.

Mpwa wangu, mwana wa dada yangu, ana gari refu la aina ile ambayo sisi Wakongo twaiita jeep, hata kama kiwanda kimeipa jina jingine. Ni Toyota la mtumba lililotoka Japani, likatufikia kwa njia ya Uganda. Katika simu yake kijana huyu aliona picha za magari kama lake, yaliyoshushwa mpaka tairi zikajificha nusu ndani ya bodi. Akapendezwa sana. Akamwagiza mfanyabiashara mmoja aendaye Dubai amletee springi nne fupi, akalipa, akangoja miezi miwili. Zilipofika, alinijia akasema: "Mjomba, naomba unisaidie Jumamosi. Nataka gari langu likae chini kama magari ya wenzetu."

Mimi nilikuwa fundi wa malori kwa miaka 30, na sasa nimepumzika. Sikumcheka. Mzee akimcheka kijana kabla ya kumsikiliza, kijana atakwenda kwa mwingine asiyecheka, naye huyo huenda hajui kazi. Nikamwuliza sababu yake. Akajibu: "Mjomba, gari refu huyumba. Likikata kona huinama kama mtumbwi uliopakiwa vibaya."

Alisema kweli. Kitu kirefu huanguka upesi kuliko kitu kifupi chenye upana ule ule. Gari ambalo uzito wake uko karibu na ardhi hushika barabara vizuri, wala haliinami sana likikata kona. Ndiyo sababu wanaoshindana kwa mbio za magari katika njia laini huyashusha magari yao. Basi tusidhani kuwa kushusha gari ni upumbavu mtupu. Lakini kuna maswali matatu yanayotangulia. Je, ni gari gani? Litapita njia gani? Na litabeba nini? Asiyeyajibu hayo matatu asishike spana.

Kwanza tuelewe springi yenyewe. Mwaka 1678 mtaalamu mmoja Mwingereza, Robert Hooke, alichapisha kanuni iliyo rahisi sana: springi hubonyea kwa kadiri ya uzito inaotwikwa. Uzito ukizidi mara mbili, nayo hubonyea mara mbili. Tuchukue mfano wa springi ambayo kilo 3 huibonyeza milimita 1. Ukiitwika kilo 30, itashuka sentimita 1. Ukiitwika kilo 300, itashuka sentimita 10. Mtoto wa shule aweza kufanya hesabu hiyo kwa kijiti mchangani, na fundi asiyeifanya hubahatisha tu.

Sasa, springi ya kushushia gari huwa fupi, nayo kwa kawaida huwa ngumu kuliko ile ya kiwanda. Kwa nini wameifanya ngumu? Kwa sababu nafasi ya kubonyea imepungua. Kama ingekuwa laini, gari lingegonga chini kila mara. Basi mwenye gari hupata mambo mawili kwa pamoja: gari limeshuka, na tena limekuwa gumu. Katika lami nzuri ugumu huo ni utulivu. Katika barabara ya mashimo, ugumu huo huo huingia mgongoni mwa abiria. Wakubwa wa mji huu wanazikumbuka baiskeli za toleka, zilizotubeba sisi sote kutoka mtaa hata mtaa. Aliyeketi nyuma ya toleka kutoka sokoni mpaka Mangobo, mgongo wake ulijifunza wenyewe springi ni nini, maana pale alipokaa hapakuwa na springi.

Tuje kwenye njia zetu. Mji wa Kisangani ni mahali pa kushusha mizigo melini na kuipakia magarini. Meli zitokazo Kinshasa husafiri kilometa 1,700 hivi juu ya mto Kongo, nazo hukomea hapa, kwa kuwa mbele yake yako maporomoko ya Boyoma. Kutoka hapo mzigo hutafuta magurudumu. Barabara ya Taifa namba 4 hutujia kutoka Bondo na Buta, kisha huingia msituni kwa Bafwasende, Nia-Nia na Mambasa, mpaka Beni na mpaka wa Uganda kule Kasindi. Namba 3 huelekea Lubutu, Walikale na Bukavu. Mahali pengi katika njia hizo ni udongo mwekundu. Nasi tu karibu na ikweta: hakuna mwezi usio na mvua. Lori moja likipita baada ya mvua huacha mifereji miwili ya magurudumu, na katikati hubaki tuta la udongo. Jua likiwaka, tuta lile hukauka likawa gumu kama tofali.

Gari la aina ya jeep ndogo, likiwa tupu, huwa na nafasi ya karibu sentimita 20 kati ya tumbo lake na ardhi. Springi za mpwa wangu zilikuwa za kulishusha sentimita 4. Mtu atasema: "Sentimita 4 ni nini? Ni vidole viwili tu." Ni kweli, lakini vidole hivyo viwili ndivyo viipitishavyo sampu ya mafuta ya injini juu ya lile tuta. Sampu ikipasuka, mafuta humwagika, na injini isiyo na mafuta hufa kwa dakika chache. Na ikitokea usiku, kati ya Kisangani na Banalia, mwenye gari atalala msituni.

Hayo yote nilimweleza mpwa wangu. Akanisikiliza kwa adabu, kisha akasema: "Mjomba, hesabu ni hesabu. Tuzifunge tuone." Nikakubali, kwa masharti mawili. La kwanza: springi za zamani zisiuzwe wala zisitupwe. La pili: tusikate kitu chochote. Maana nimeona watu wanaoshusha gari kwa kukata mizunguko ya springi kwa msumeno, na wengine wanaichoma kwa moto wa gesi mpaka inalegea. Hiyo ni hatari kubwa. Chuma cha springi kimepikwa kiwandani kwa moto wa kadiri na kupozwa kwa kadiri. Ukikichoma upya, nguvu yake hupotea pale ulipokichoma, na siku moja hukatika. Na springi iliyokatwa haikai vema katika kikalio chake. Lakini springi ya kiwanda iliyotolewa nzima huweza kurudishwa nzima.

Jumamosi asubuhi tulianza kazi uani. Kwanza tulipima. Tulichukua utepe, tukapima kutoka katikati ya kila gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, tukaandika namba nne katika daftari. Kisha tukapima nafasi kati ya kile kipande cha mpira kinachozuia gari lisigonge chuma kwa chuma na mahali kinapogonga. Nyuma tulipata sentimita 9, gari likiwa tupu. Kumbukeni namba hiyo, tutairudia.

Baada ya hapo tulilegeza nati za magurudumu gari likiwa bado limekanyaga ardhi. Tukaweka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki chini. Uani petu ni udongo, basi chini ya jeki tuliweka ubao mpana, ili jeki isizame. Gari lilipoinuka hatukuliachia jeki peke yake. Tuliweka magogo manene ya mti mgumu, yaliyokatwa sawasawa, tukalishusha juu yake, tukalisukuma kwa mkono kuona kama linatikisika. Jeki ni ya kuinulia, si ya kushikilia. Mtu asiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki tu, hata kama ni kwa kuokota nati moja.

Katika gari lile springi ya mbele imeizunguka shokapu, ambayo mafundi wetu huiita amotisere, na vyote viwili hutoka pamoja. Tulifungua kishikizo cha bomba la breki, ili lisivutwe. Tulitia alama ya rangi penye bolti mbili za chini, ili tuzirudishe pale pale. Tukafungua hizo mbili, kisha nati tatu za juu zilizo ndani ya boneti, tukautoa mguu mzima.

Hapo ndipo penye hatari kuliko pote, nami naomba kila kijana asomaye haya asimame kidogo. Juu ya mguu ule iko nati moja ya katikati. Nati hiyo ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa. Ukiifungua bila kuishika springi, springi hufyatuka. Rudini kwenye hesabu ya Hooke: springi ya kilo 3 kwa milimita, ikiwa imebanwa sentimita 15, husukuma kwa nguvu ya kilo 450. Nguvu iliyofungwa humo yatosha kurusha nyundo ya kilo 1 juu mita 34, yaani kupita minazi mirefu. Sasa fikirini nguvu hiyo imeelekea uso wa mtu aliyeinama. Yafaa kutumia vibanio viwili vya skrubu vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo. Vikae pande mbili zinazotazamana, na vikazwe kwa zamu, mzunguko mmoja huku, mzunguko mmoja kule. Nati ya katikati haiguswi mpaka springi ichezecheze kwa mkono katika kikalio chake. Tena mtu asiuelekeze uso wake kwenye ncha ya springi, wala asimruhusu mtoto kusimama karibu. Waya na kamba si vibanio. Atakayekuambia kwamba yeye hutumia kamba siku zote, mtazame vidole vyake, umwache.

Mpwa wangu alifanya kazi hiyo kwa mikono yake, mimi nikitazama. Mkono wake ulitulia. Aliiweka springi mpya, akahakikisha kwamba ncha yake imelala katika kijia chake, akarudisha kila kitu kwa taratibu. Bolti za mikono ya chini zilizo na mpira ndani hatukuzikaza mpaka gari liliposhushwa na kukanyaga ardhi, maana ukizikaza gari likining'inia, mpira ule hubaki umepindika na huchanika upesi. Upande wa nyuma ulikuwa rahisi zaidi, kwa sababu huko springi hukaa peke yake, mbali na shokapu. Jua lilipoanza kushuka, gari lilikuwa limekaa chini. Lilipendeza, siwezi kukana. Majirani walikuja kulitazama, na mpwa wangu akatembea kulizunguka mara tatu.

Lakini kazi ilikuwa haijaisha. Gari likishuka, magurudumu hubadilika mkao: kwa juu huinamia ndani, na nyayo zake za mbele huacha kutazamana sawa. Asipoyarekebisha, mwenye gari atashangaa kuona tairi mpya zimelika upande mmoja kwa muda mfupi. Tulivuta uzi kutoka gurudumu la nyuma hata la mbele, tukarekebisha kwa kadiri tulivyoweza, tukakusudia kulipeleka kwenye mashine. Taa za mbele nazo tulizitazama jioni mbele ya ukuta, kwa kuwa urefu wa gari ukibadilika, na mwanga hubadilika.

Ndipo nikamwambia: "Mwanangu, sasa tupakie." Dada yangu, mama yake, huuza mchele sokoni. Mara mbili kwa mwezi gari hili humletea mchele kutoka upande wa Bengamisa, katika njia ya Buta. Kwa mchele huo wadogo zake wanalipiwa shule. Tukaweka nyuma magunia mawili ya kilo 100, tukaketisha watu wawili. Jumla ilikuwa kilo 320 hivi, yaani kilo 160 kwa kila springi ya nyuma. Springi za zamani, za kilo 3 kwa milimita, zingebonyea kama sentimita 5 na kitu, na katika zile 9 tungebakiwa na karibu 4. Springi mpya ni ngumu zaidi, kilo 4 kwa milimita. Nazo zilibonyea sentimita 4 tu. Lakini mwanzo wake haukuwa 9, ulikuwa 5. Tulipopima tulikuta imebaki sentimita 1: kidole kimoja, tena chembamba.

Kijana akaliendesha gari polepole mpaka mfereji ulio mlangoni pa ua. Sote tulisikia mlio wa kugonga. Si jiwe lililogonga, ni gari lenyewe, lililokosa nafasi ya kubonyea. Dada yangu alikuwa amesimama kando na kitambaa chake begani. Hakugombeza. Aliuliza neno moja tu: "Kaka, kama linalia hapa mlangoni, kule njiani litafanyaje na mtoto mgonjwa ndani?" Maana msimu uliotangulia, gari hili ndilo lililomleta mtoto wa jirani hospitalini usiku, kutoka kijijini, katika mvua.

Mpwa wangu hakujibu siku ile. Jumamosi iliyofuata nilimkuta uani asubuhi mapema, magogo yamepangwa, kabari zimewekwa, vibanio viwili viko mkononi. Alizirudisha springi za zamani peke yake, mimi nimeketi kitini na kikombe cha chai, sikugusa hata nati moja. Zile fupi alizipaka mafuta, akazifunga katika kitambaa, akaziweka chini ya kitanda. Nilipomwuliza atazifanyia nini, alicheka, akasema: "Mjomba, nazingojea lami." Nami namwombea aishi miaka ya kuiona.

Wengine watasema fedha yake imepotea. Mimi sioni hivyo. Yuma yule aliyekuwa akiangalia picha katika simu leo anaitwa na majirani springi zikikatika, naye huja na utepe wake, daftari lake na vibanio vyake. Hakuna anayelala chini ya gari juu ya jeki tupu akiwapo yeye. Hiyo nayo ni faida.

Basi, ndugu msomaji, ukitaka kugusa springi za gari lako nyumbani, shika haya machache. Usikate wala usichome. Usiamini jeki. Usifungue nati ya katikati kabla springi haijabanwa kwa vibanio viwili. Badilisha springi za kushoto na kulia pamoja, ili gari lisiende upande. Pima gari likiwa tupu, kisha lipime likiwa na mzigo wako wa kila siku, si mzigo wa siku ya arusi. Kama una gari la mjini lipitalo lami tu, huenda ukaona kwamba kulishusha kidogo hakuna neno. Lakini kama gari lako ndilo lori la jamaa na ndilo machela ya kijiji, waulize kwanza wale wanaopanda nyuma, maana wao hulijua gari kwa migongo yao kuliko dereva alijuavyo kwa macho yake.